Tupeane uzoefu: mikondo kuunganishwa Moodle (mfumo wa kozi mtandaoni) katikati ya semista

Mzee wa Chumbageni: Leo kijana wa IT kaniuliza "tiecha, tuunganishe mkondo A na B?" nikakumbuka mbali. Nani yamemkuta?

Binti Makorora: Mie! Nilikuwa na mikondo mitatu, asubuhi mchana na jioni, tangazo moja naandika mara tatu, nikachoka, nikamwambia adimini awatie wote kozi moja. Sikumwambia kwamba wa jioni washafanya kwizi. Akawatoa kule akawaleta huku, kumbe mtu anahama ila kazi yake inabaki kulekule alikotoka. Kufungua maksi, jioni nzima deshi tupu, na koswek, maksi za kazi za semista, inatakiwa Ijumaa! Usiku CR, kiongozi wa darasa, anapiga simu watu wanalia, mmoja kashamwambia mamake Pangani kafutwa chuo. Alfajiri mama huyo getini, kiroba cha nazi kichwani, vyeti vya fomu foo vya mwanawe kwenye rambo, anataka kuonana na mkubwa. Nilimkalisha nikampa chai, mikono inanitetemeka mimi.

Ngamiani 12: Yaleyale.

Kaka Raskazone: Da, hahamishwi mtu. Unafungua kozi mama, zile tatu unazifunga humo kwa meta linki, ile ya kuunga kozi na kozi, wanafunzi wanaingia wenyewe na kozi zao za awali zinabaki salama.

Mzee wa Chumbageni: Na linki ikitolewa wote wanatoka kozi mama, mbona hilo husemi?

Kaka Raskazone: Kwani nani kakutuma uitoe?

Mzee wa Chumbageni: Adabu! Mie hizi Moodle nazijua wewe hujazaliwa.

Kaka Raskazone: Imetoka 2002 mzee wangu, nilikuwa darasa la pili 😂

Ngamiani 12: Nazi je??

Mama Mkwakwani: Kila mkondo na grupu lake, mseti magrupu yasionane, la sivyo wa asubuhi wanawaachia wa jioni majibu palepale kwenye mjadala. Na bakapu kwanza.

Yakhe: Msiunganishe kitu. Kopi, pesti mara tatu, kidole hakifi.

Binti Makorora: Adimini aliwarudisha walikotoka, akatiki ile ya kurejesha maksi za zamani, zikaja zote. Mtoto alikuwa na 17 kwa 20. Nazi tulipikia wali ofisini.

Mzee wa Chumbageni: Nimempigia IT asubiri kwanza. Anasema kashaunganisha.