Tupeane uzoefu: Loki za mkanda wa gitaa la umeme, zipi zinashika na zinafungwaje?

Msolo wa Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Wazee wetu, shikamooni.

Naomba wapiga magitaa wa kanda ya ziwa tuongelee mkanda, hasa pale unaposhika kwenye bodi. Gitaa likitoka dukani linakuja na vifungo viwili vya chuma, kimoja mkiani na kingine juu karibu na shingo, na tundu la mkanda linategemewa likae hapo lenyewe. Ngozi ikiwa mpya ni ngumu, inashika. Ikishalainika tundu linapanuka, na siku sebene limekolea ukainama kidogo, uzito unahama begani na mkanda unachomoka.

Wenye magitaa ya mtindo wa Les Paul ya Gibson wananielewa zaidi. Lile linaweza kufika kilo 4 na kuzidi, kichwa chake kimeinama kwenda nyuma, kwa hiyo likianguka chali kichwa ndicho kinachopokea kishindo. Mti unapasuka pale shingo inapokutana na kichwa. Stratocaster ya Fender ni jepesi kidogo na kichwa chake kimenyooka, linavumilia, ila simwombei mtu alijaribu.

Ndiyo maana kuna loki, vifungio vya chuma vinavyouzuia mkanda usichomoke. Mimi natumia za kampuni ya Schaller ya Ujerumani. Upande wa mkanda kuna kibano cha umbo la U kinachokumbatia kifungo, halafu kipini chenye springi kinafunga mdomo. Kuachia unavuta kipini. Zingatia namna ya kukifunga: mgongo wa U ukae upande wa ncha ya mkanda, mdomo uelekee unakotokea mkanda. Hapo gitaa likining'inia, mgongo wa U ndio unaobeba uzito, kipini kinabaki mlinzi tu.

Wewe unatumia nini, umefungaje, na yamekukuta yapi? Hata kama ni mpira wa tyubu, tuambie.

Besi Nzito
Mkuu, umegusa penyewe. Mimi napiga besi kwenye bendi ya harusi, hapa mjini na wikiendi nyingine Magu, Sengerema mpaka Geita. Tulikuwa ukumbini Nyakato, bibi harusi yuko mlangoni, MC ameshaita wimbo. Nikageuka kumtazama mpiga dramu tuingie pamoja, mkanda wa juu ukatoka. Nililidaka gitaa kwa shingo, nyuzi zote nne zikanguruma kwenye spika. Halikupata hata mkwaruzo, lakini mikono ilitetemeka mpaka keki inakatwa.

Baada ya hapo kaka yangu akaniletea loki za kampuni ya Dunlop kutoka Dar. Hizi mfumo wake ni mwingine: kifungo kina tundu katikati, na upande wa mkanda kuna kipini chenye vigololi. Ukibonyeza kitufe vigololi vinazama, ukiachia vinachomoza na kung'ang'ania ndani ya tundu. Toleo la Dual Design ndilo ninalowashauri watu, kwa sababu kifungo chake kinapokea pia mkanda wa kawaida. Siku mkanda wenye loki umebaki nyumbani unaazima wowote na kazi inaendelea.

Nikishavalisha, lazima nivute kwa nguvu bila kugusa kitufe, juu na mkiani. Kuna wakati kipini kinaingia nusu, kwa macho unaona kimekaa, kumbe vigololi havijafika mahali pake. Mkono ndio unaojua.

Binti wa Kwaya, Ukerewe
Mimi napiga solo kwenye kwaya yetu huku Nansio. Loki za dukani sina na kwa sasa siwezi kuzinunua, jozi halisi bei yake inanitosha seti kadhaa za nyuzi. Ninachotumia ni mpira wa tyubu ya baiskeli. Nakata duara, katikati natoboa tundu dogo kuliko kifungo, navalisha mkanda kwanza halafu naubana huo mpira juu yake. Kwa kuwa tundu ni dogo, mpira unakaza shingoni mwa kifungo na mkanda hauna pa kupitia. Naweka mbili mbili, moja juu ya nyingine.

Mpaka leo haujawahi kunitoka, na sisi jukwaani hatusimami kama nguzo, tunacheza kweli. Ila mpira unakauka na kupasuka pembeni. Kabla ya kupanda kivuko kwenda kwenye tamasha naukunja na kuutazama, nikiona nyufa nakata mwingine. Mafundi wa baiskeli wananipa bure.

Msolo wa Nyegezi
Dada, hiyo ni njia halali kabisa. Ulaya kuna wapiga magitaa wa majukwaa makubwa waliofanya hivyo hivyo kwa mpira wa chupa za bia ya Grolsch, na Fender wenyewe wanauza mpira wa namna hiyo.

Fundi wa Igoma
Nimesoma wote nikaona mnaongelea chuma tu. Mimi natengeneza magitaa, na yanayoletwa kwangu yakiwa yameanguka, mengi mkanda haukuchomoka kwenye kifungo. Kifungo chenyewe kiling'oka na skrubu yake. Loki ya bei yoyote ile imeshikwa na skrubu moja iliyozama kwenye mti. Mti ukichoka, umefunga kufuli kwenye mlango usio na bawaba.

Kabla hujanunua chochote, shika kifungo kilichopo ukizungushe kwa vidole. Kikizunguka, jaribu bisibisi. Skrubu ikikaza na kusimama, uko salama. Ikizunguka bila mwisho, tundu limeliwa, anza na hilo.

Dawa yake si kuweka skrubu nene zaidi, ingawa wengi hukimbilia huko. Skrubu nene kwenye tundu jembamba karibu na ukingo wa bodi inaweza kupasua mti. Chukua vijiti vya meno, vipake gundi ya mbao, vijaze tundu mpaka visiingie zaidi, acha usiku mzima, asubuhi kata vilivyochomoza na utoboe upya kwa keekee nyembamba kuliko skrubu. Kama tundu limeharibika sana, nachonga kipande cha mti mgumu, nakigonga ndani na gundi, ndipo natoboa. Skrubu ipake sabuni au nta kabla ya kuizungusha, itaingia bila kulazimishwa.

Lingine ni skrubu zinazokuja na loki zenyewe. Mara nyingine ni nyembamba au fupi kuliko zilizotoka kwenye gitaa. Mtu anatoa skrubu nene, anaweka nyembamba kwenye tundu lile lile, inakaa kwa kuwa imeegama upande mmoja, wiki chache baadaye inacheza. Zipime pamoja kwanza, ziweke sambamba mezani. Na hakikisha kichwa cha skrubu kinazama vizuri ndani ya kifungo. Kwenye zile za vigololi hili ni kubwa, kichwa kikichomoza kipini hakifiki mwisho. Nadhani Besi Nzito, ile ya kipini kuingia nusu uanze kuichunguza hapo.

Chini ya kifungo weka kipande chembamba cha kitambaa cha sufu, kinalinda rangi. Na Binti wa Kwaya, kama gitaa lako lina vanishi ya zamani ya nitro, zile ambazo Gibson wanazitumia, usiache mpira ugusane nayo muda mrefu, huacha alama. Magitaa mengi ya bei ya kawaida yana rangi ngumu ya poli, yaani ya plastiki, hayo hayana shida hiyo sana.

Besi Nzito
Fundi, nimefungua sasa hivi. Skrubu ya mkiani kweli imechomoza kidogo. Naileta Igoma.

Jakisumu
Habari za upande huo, majirani. Mimi niko Kisumu, napiga benga, na kwa benga mkono wa kulia haupumziki, gitaa linatikisika usiku kucha. Niliwahi kununua loki zisizo na jina, zimefanana na Schaller kwa kila kitu. Miezi ya kwanza zilikuwa safi. Halafu kipini kikaanza kulegea, springi ikachoka, na ile nati inayoshika kibano kwenye mkanda ikawa inajifungua yenyewe. Siku moja nikaikuta nati kwenye begi, kibano kinaning'inia kwa uzi wa ngozi tu.

Nimejifunza kwamba nati ndiyo ya kuchungwa, hata kwa zile halisi. Schaller za muundo wa zamani zinakazwa kwa nati na washa (kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati), na mtikisiko hulegeza nati yoyote. Hizi mpya, S-Locks, wameweka gurudumu la kuzungusha kwa mkono lenye kiskrubu cha pembeni cha kulizuia lisirudi. Nilizonazo sasa ni hizo. Kama una za zamani, tia tone la ile gundi ya kuzuia nati kulegea, maduka ya spea za magari wanayo, na uwe na spana ndogo kwenye begi.

Pia msichanganye. Kibano cha Schaller hakikai kwenye kifungo cha Dunlop, wala kipini cha Dunlop hakiingii kwenye kifungo cha Schaller. Nimemwona jamaa akilazimisha kwa nyundo.

Mzee wa Ridhim
Wanangu, marahaba. Nimepiga dansi tangu enzi ambazo loki hizi hatukuzijua. Tulikuwa na mkanda wa ngozi nzito, tundu limechanwa mchano mfupi, ukiuvalisha unausikia unavyokataa kupita. Kutoa kwenyewe kulitaka nguvu. Magitaa hayakuanguka. Naona vijana mnanunua chuma cha Ujerumani na kukifunga kwenye mkanda wa nailoni wenye ncha laini kama karatasi. Utachanika mkanda, loki itabaki kwenye gitaa ikiwa nzima.

Fundi wa Igoma
Shikamoo mzee. Hapo nakuunga mkono mia kwa mia, ncha ya mkanda iwe ngozi halisi, si ile ya kubandika inayochubuka. Ninapotofautiana nawe kidogo ni kwenye magitaa mazito na besi. Ngozi hata iwe bora, jasho na unyevu wa huku ziwani vinailainisha, na huwezi kuijua siku itakayoachia. Ila angalizo, ngozi nene sana nayo ni tatizo, shingo ya loki haitoki upande wa pili na washa haina pa kukaa. Nenda dukani na mkanda wako, upime pale pale.

Mzee wa Ridhim
Marahaba mwanangu. Hilo la unyevu nimekubali. Na waya wa gitaa upitisheni kati ya mkanda na bodi kabla ya kuuchomeka kwenye jeki. Mtu akiukanyaga, unavutwa mkanda, jeki inapona.

Mgeni wa Butimba
Naomba kuuliza. Mimi nina gitaa la boksi lenye pikapu (kinasa sauti), kile kifungo cha mkiani ndicho hicho hicho tundu la jeki. Loki zinaingia?

Fundi wa Igoma
Za kawaida haziingii hapo mkuu, kifungo hicho ni kinene na katikati kina tundu la waya, skrubu haina pa kupita. Mkiani tumia mpira wa tyubu kama Binti wa Kwaya, ukitoboa tundu kubwa zaidi. Juu karibu na shingo, kama kuna kifungo cha skrubu, weka loki.

Binti wa Kwaya, Ukerewe
Fundi, nikijaliwa kununua, kwaya ina magitaa mawili na mkanda mzuri mmoja. Lazima ninunue jozi mbili?

Fundi wa Igoma
Hapana dada. Dunlop na Schaller wote wanauza vifungo vya gitaa peke yake. Nunua jozi moja kamili na vifungo viwili vya ziada, ufunge kwenye gitaa la pili, mkanda uhame. Ila yaleteni yote mawili kwanza nitazame matundu.