S ya tano imebaki ukutani, mdogo wangu nusura afe kwa betri za kipimo cha presha

Wakuu nina hasira, mnivumilie. Juzi nilikuwa na mdogo wangu kituo cha afya cha huku kwetu, kajifungua saa nane usiku, mtoto mzima, tukashukuru Mungu. Baada ya hapo hakuna aliyerudi mpaka saa kumi na moja alfajiri!

Mimi nilijifungua wodi hiyohiyo 2018, wakati ule vituo vinapimwa na kupewa nyota kwa ubora wa huduma. Saa ya kwanza nesi alikuwa anarudi kila dakika 15, anapima presha, anabonyeza tumbo kuona kizazi kimekaza, anaangalia damu, anaandika. Nikamuuliza mbona unanisumbua, akaniambia mama anaweza kuvuja damu kimyakimya akaisha.

Sasa safari hii nimeenda kuuliza mara tatu, naambiwa kipimo cha wodini betri zimekwisha na kingine kipo leba, nesi ni mmoja huku na kule, yule dada simlaumu hata kidogo maana hata kukaa sikumuona akikaa. Kanga ya tatu ilipolowa ndo nikapiga kelele. Akaja mbio, akamchoma sindano, akamtundikia dripu, damu ikapungua. Leo yupo nyumbani, mweupe, anatembea kwa kushika ukuta. Na wale wamama waliolala peke yao bila ndugu?

Halafu juu ya kitanda pamebandikwa bango la S tano, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi ili huduma iwe bora: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hizi S tano zilianzia hospitali ya rufaa Mbeya 2007, siyo kitu kibaya, 2018 niliziona zikifanya kazi kwa macho yangu. Ila hiyo S ya tano, Shikilia, yaani kuyadumisha hayo yote kila siku, hapa kwetu ni ya siku ya ukaguzi tu, wageni wa wilaya wakija mashuka yanatoka stoo, wakiondoka yanarudi.

Na msiniambie hela hakuna. Tangu 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, hakuna cha kusubiri halmashauri. Betri nne tu jamani, duka la Mangi hapo nje zimejaa!

Kamati ya usimamizi ya kituo ina wajumbe wa wananchi, ni majirani zetu. Kama mpo humu nijibuni, kikao cha mwisho mmekaa lini, na nani kati yenu amewahi kuingia wodi ya wazazi usiku?