Watengenezaji wa programu za seva, /var/lib iliwakosea nini?

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "Linux ipi nzuri kwa anayeanza". Huu una hasira zake, na zinahusu /var/lib, folda ya Linux ambamo programu inatakiwa kutunza data yake ya kudumu.

Ofisini tuna programu ya stoo na ankara tuliyouziwa na kampuni moja, jina naliacha, wenyewe wanajijua. Iko kwenye seva ya Debian (aina mojawapo ya Linux), inajiwasha mashine ikiwaka na inapiga kazi kimyakimya nyuma. Juzi fundi wao kaingia kwa mbali kupandisha toleo. Skripti yao ya apdeti inafuta folda nzima ya programu ndani ya /opt (mahali pa programu za kuongezea kutoka nje), halafu inafungua toleo jipya palepale. Databesi je, ilikuwa wapi? Humohumo! Ndani ya bin/data, ubavuni mwa faili la programu lenyewe. Ankara zote zikaondoka. Tunapiga simu, tunajibiwa kwa sauti ya upole kabisa: "Bekapu zenu hazikukamilika."

Bekapu zetu zinabeba /etc, /home, /srv na /var, ukitoa kashe (vitu vya muda vinavyoweza kutengenezwa tena). Tazama programu maarufu za seva: data ya PostgreSQL ukiisimika kwa kifurushi cha Debian inakaa /var/lib/postgresql. MySQL iko /var/lib/mysql, Redis /var/lib/redis, Jenkins /var/lib/jenkins. Wote hao wanabebwa bila mimi kuuliza mtu. Wewe uliyeficha hesabu za watu kwenye folda ya programu ulitaka nikuote usiku? Wahasibu mpaka leo wanaingiza upya kutoka kwenye nakala za risiti, na wanaponiona koridoni wananiangalia kama mwizi wa kuku.

Na wala si sheria ya jana. Kiwango cha FHS, kinachosema kila kitu cha Linux kikae wapi, mizizi yake ni 1994, na toleo la 3.0 limetoka 2015. /var ilitengwa ili vinavyobadilika vikae huko na /usr iweze kufungwa kwa kusomwa tu. Ukisema "sisi tuko /opt, hatumo kwenye utaratibu wa distro (toleo la Linux kama Debian)", hata hapo ulishawekewa mahali pako: /var/opt. Wanaofuata wapo. GitLab, programu ya kutunzia kodi, ya kifurushi kikubwa inaweka programu /opt/gitlab, mipangilio /etc/gitlab, data /var/opt/gitlab. Unafuta, unasimika upya, data haijaguswa. Imewezekana kwa mzigo mkubwa kama ule, ishindikane kwa programu ya kuhesabu magunia ya saruji?

Swali la kujiuliza ni dogo tu: kikifutwa usiku huu, asubuhi nani atalia? Kama hakuna, kwa sababu programu itakitengeneza tena yenyewe, hicho ni cha /var/cache. Kama maisha yake yanaishia mashine ikizimwa, soketi (mlango wa programu kuongea na nyingine) na faili la pid (namba ya programu inayoendeshwa) kwa mfano, weka /run, ambako ni kwenye RAM. Kazi zinazosubiri foleni ni /var/spool. Logi zina /var/log. Atakayelia mwenye duka, hiyo ni /var/lib, mjadala umefungwa. /srv ni ya mwenye seva kupanga atakavyo, tovuti zake na mafaili anayogawa, na FHS yenyewe inakataza programu kutegemea mpangilio fulani humo. Kwa hiyo usinipangie mafolda kwenye /srv yangu.

Nilipoanza kuifukua hii programu nikakuta mengine. Picha za risiti zilizoskaniwa zinatunzwa /tmp. Zinatunzwa, wakuu, /tmp! Systemd, inayosimamia huduma za Linux, kwa mipangilio yake ya asili inafagia /tmp vitu vikifika siku 10, na /var/tmp siku 30. Debian 13 ya mwaka 2025 ndiyo kabisa, /tmp iko kwenye RAM, ukiristati imeondoka. Wangetupandisha huko tungebaki na orodha ya majina ya picha zisizokuwepo.

Halafu programu yote inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Nikauliza sababu, nikaambiwa "bila hivyo databesi inakataa kuandika". Ni SQLite, databesi inayokaa kwenye faili moja, na SQLite inahitaji kuandika kwenye folda pia, si faili la databesi peke yake, kwa sababu jarida lake inaliweka pembeni ya faili hilo. Folda hiyo kwao iko ndani ya ile yenye programu, na wao wanaifungua yote. Kwa hiyo, ili ankara iandikwe, programu inapewa ruhusa ya kujibadilisha yenyewe. Mwongozo wao una mstari wa chmod -R 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, umeandikwa kwa wino mzito.

Dawa ipo tangu 2017. Systemd 235 ilileta StateDirectory=. Unaandika mstari mmoja kwenye faili la huduma, StateDirectory=ankara, folda /var/lib/ankara inatengenezwa, inapewa mtumiaji uliyemtaja, na kwa matoleo ya baadaye programu inaambiwa njia kupitia $STATE_DIRECTORY. Weka na ProtectSystem=strict, mfumo wote wa mafaili unakuwa wa kusoma tu kwa huduma hiyo, ukiacha /dev, /proc na /sys, lakini folda yake ya /var/lib inabaki wazi. Mstari mmoja!

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "tumia Docker". Docker inaendesha programu ndani ya kontena, boksi lake la peke yake, na kontena lisilo na volyumu (folda ya nje ya kutunzia data) ukiliondoa linaondoka na data yake, yaani ujinga uleule umevaa koti jipya. Na Docker yenyewe vitu vyake inaweka /var/lib/docker.

Wakongwe nao wana lao, nisiwaonee wadogo. CUPS, ya kusimamia printa, inaandika upya /etc/cups/printers.conf yenyewe, wakati /etc, folda ya mipangilio, tunaiweka kwenye git (kumbukumbu ya mabadiliko) tujue nani kabadilisha nini. MongoDB, databesi nyingine, ukiiwasha bila faili la mipangilio inatafuta /data/db, folda juu kabisa kwenye mzizi. Ila hao angalau unawahamisha kwa mstari wa mipangilio. Hawa wetu njia wameigandisha ndani ya programu.

Kwa sasa nimewafunga kwa BindPaths= ya systemd, yaani /var/lib/ankara inaonekana kwa programu kama ndiyo ile bin/data yake, na kwa huduma hiyo tu. Skripti yao ikifuta /opt, itafuta folda tupu. Kilichobaki ni faili la leseni wanaloliandika upya ndani ya /root kila programu ikiwaka. ProtectHome=tmpfs ya systemd inaificha /root kwa folda tupu ya kusoma tu, kwa hiyo leseni haiandikiki na programu inagoma. Aliyewahi kuihamisha leseni ya aina hii bila kuwapigia simu wenyewe, aweke hapa alivyofanya.