Je, kugawia kila mwanafunzi kiasi kilekile ni haki?

Mzazi, Nyalenda B, Kisumu
Walimu na wazazi wenzangu, tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2003, serikali hutuma fedha shuleni kwa kuhesabu vichwa, na kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, awe wa mtaa wa kitajiri wa Milimani au wa kwetu Nyalenda. Wazazi wenye uwezo huchanga wakamlipa mwalimu wa BOM, yaani anayeajiriwa na bodi ya shule wala si serikali, pengo linapotokea. Huku kwetu kukosa mchango wa shilingi mia mbili hutosha kumweka mtoto nyumbani. Je, hiyo ni haki?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Ndugu mzazi, nimefundisha Kaptembwa, na naongeza jambo moja linaloniuma. Fedha hizo hufuata mtoto aliyesajiliwa, na usajili wa NEMIS, mfumo wa kidijitali wa serikali wa takwimu za elimu, ulidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Wasio na vyeti ni wengi katika mitaa ya wapangaji, kwa hiyo tuligawana chaki na vitabu na watoto ambao hesabu ya serikali haikuwaona.

Msomaji, Kakamega
Katika jimbo la New Jersey, Marekani, ambako shule hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi, wanafunzi wa miji maskini walishtaki. Mwaka 1990, katika kesi ya Abbott v. Burke, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamuru wilaya hizo zipewe fedha zinazolingana na za vitongoji tajiri, kisha ziongezewe za mahitaji ya ziada; mwaka 1998 ikaamuru watoto wa miaka 3 na 4 wapewe elimu ya awali. Kwetu, Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Wala kupima umaskini si jambo geni: sheria ya CDF (hazina ya maendeleo ya maeneobunge) ya 2003 iligawia maeneobunge asilimia 75 sawasawa na 25 kwa kigezo cha umaskini.

Mzazi, Nyalenda B
Asante, ndugu. Hata hivyo, Milimani na Nyalenda B ziko katika eneobunge moja, Kisumu ya Kati, na wastani wa eneobunge hutuficha. Naomba umaskini upimwe shule kwa shule, na mwalimu mkuu aruhusiwe kumwandikisha asiye na cheti.