Pwani 1963: tuliulizwa, ama tuliamuliwa tu?

Mtoto wa Kibokoni: Wenzangu wa Pwani, nina swali. Hadi 1963 maili kumi za mwambao, toka Mto Umba mpaka Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, zilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwingereza alizikodi 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Mwaka 1961 akaletwa kamishna wa Kiingereza, Sir James Robertson, kusikiliza wakaazi, akatoka na shauri kwamba tuingizwe Kenya. Waliotaka Mwambao ujitawale walisema sana, hawakusikizwa. Tarehe 8 Oktoba 1963 mkataba ukatiwa saini London, wakiwemo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Kura ya maoni hatukupigishwa. Watu wabadilishiwe dola hivi hivi?

Mkulima wa Magarini: Hatukupigishwa nani? Wa kwetu walipiga kura Mei 1963, wakaichagua KADU, chama cha Ronald Ngala. Walitaka majimbo ndani ya Kenya, wala hawakutaka bendera nyekundu ya Sultani pale Fort Jesus hata siku moja zaidi. Mwambao ilikuwa haja ya wenye mashamba.

Mtoto wa Kibokoni: Kakangu, hapo wachanganya. Uchaguzi wa wabunge si kura ya kuulizwa mwataka dola gani. Na wengine walishuka pwani kutafuta vibarua, leo ndio wasemaji wa Mwambao?

Mwana wa Kwale: Ngoja kwanza. Walishuka kutoka wapi? Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu, iko Diani, ukitoka msituni waingia ufuoni. Wazee wetu wakiomba pale Sultani hajulikani wala hati haijaandikwa. Neno hilo lifute.

Mtoto wa Kibokoni: Sikukutaja wewe. Nimesema wengine.

Mwana wa Kwale: Wengine ni kina nani? Wataje tuwajue.

Mzee wa Majengo: Nyote mwapoteza wakati. Ile ya 1963 ilikuwa kodi ya miaka 50, ikaisha 2013. Pwani si Kenya. MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge, walilisema hilo, wakapigwa marufuku 2010.

Bint Lamu: Ami, kwa heshima yako, miaka 50 haimo. Mkataba wa 1963 wasema maili kumi zaacha kuwa milki ya Sultani siku Kenya ipatapo uhuru. Sultani mwenyewe alipinduliwa Januari 1964, sasa muda ukiisha twamrudishia nani? Na marufuku ile Mahakama Kuu iliiondoa 2012.

Mzee wa Majengo: Vijana wa siku hizi mkishikishwa karatasi ya serikali mwaamini.

Bint Lamu: Nimeusoma, ami, sikuhadithiwa. Pamoja nao kuna barua za Kenyatta na Shamte: makadhi wabaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo, hati za ardhi zilizosajiliwa zitambuliwe daima. Makadhi tunao mpaka leo, wamo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Mirathi ya marehemu mama niliimaliza kwa kadhi, kila mtu akapata fungu lake. Usiseme hatukupata kitu.

Mkulima wa Magarini: Dadangu, hapo kwenye hati ndipo penye donda langu. Hati zipi? Ni zile za sheria ya kusajili ardhi ya 1908. Aliyejua kupeleka madai ndiye aliyeandikiwa. Wa kwetu aliyerithi konde kwa mila akabaki skwota, mkaazi asiye na hati. Uhuru ukaja, barua unazozisifu zikamlinda mwenye karatasi. Nilipo mimi, kupanda mahindi na mihogo ruhusa, kupanda mnazi marufuku, maana mti wa kudumu wadai fidia. Juzi nilitia miche ya mikorosho nyuma ya nyumba. Msimamizi wa mwenye shamba akaja, akaing'oa wanangu wakitazama, kisha akanikatia risiti ya ijara.

Mtoto wa Kibokoni: Pole sana, ndugu yangu, na wallahi hiyo ni dhuluma. Lakini si ndiyo maana nikauliza? Tungejitawala, ardhi tungeigawa wenyewe.

Mkulima wa Magarini: Mngeigawa na nani? Waliosimama mbele kudai Mwambao wengi ndio waliokuwa na hati. Babangu angepata nini kwao?

Bint Lamu: Hilo ni kweli na lauma. Lakini hata huko Kenya tulikoingizwa haikuwa afadhali. Mpeketoni miaka ya sabini serikali ilileta watu wa bara, ikawapimia ardhi, na wa Lamu wakatazama. Kaunti tunazo tangu 2013, na hati bado zatoka kwa serikali kuu.

Mkulima wa Magarini: Basi hilo ndilo la kuuliza magavana wote sita wa Pwani: skwota atapimiwa lini? Mimi sina haja ya kujua 1963 bendera gani ilishuka.

Mwana wa Kwale: Mtoto wa Kibokoni, wajibu kila mtu ila mimi. Nimekuuliza kina nani walioshuka pwani kutafuta vibarua, na bado nangoja majina.