Mzigo wangu uko Tunis kwa sababu mtu kashindwa kuandika TZ

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimekosewa mnivumilie. Herufi zangu angalau hazipeleki mzigo wa mtu Afrika Kaskazini.

Niliagiza mota ya cherehani ya kudarizi kutoka Ulaya. Nimelipa yote, anwani nimejaza kamili: sanduku la posta, Dar es Salaam, Tanzania. Wiki tatu kimya. Kufuatilia namba ya mzigo, nakuta umewasili Tunis. Nikawaandikia watu wa kampuni ya mizigo. Jibu likaja kwa adabu zote: msimbo wa nchi uliowekwa ni TN, na mzigo hufuata msimbo. Uliwekwa na nani? Na mtu wao wa stoo! Kaona T mwanzoni, kaona N mbele kidogo, akaona inatosha.

TN ni Tunisia, jamani. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, ISO 3166, ipo tangu 1974, watu wanaitumia kila siku, na sisi ni TZ. Wala siyo siri: ipo mwishoni mwa tovuti zetu za .tz, ipo kwenye TZS ya shilingi yetu, ipo kwenye msimbo wa SWIFT (ule wa kutumiana hela kati ya benki za nchi mbalimbali) wa benki yoyote ya hapa, herufi ya tano na ya sita. Mtu anayetuma mizigo dunia nzima anakisiaje?

Basi nikadai hela yangu. Wakanipa fomu, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Kwanza Tanzania haipo kwenye T. Nimepanda na kushuka, naona Tajikistan, naona Thailand, sisi hatupo. Kumbe wametuweka kwenye U, kwa jina la Kiingereza linalotumiwa na Umoja wa Mataifa, United Republic of Tanzania, Jamhuri ya Muungano mbele na Tanzania nyuma. Ndugu zetu wa Kongo nao wana lao: CD ni Kinshasa, CG ni Brazzaville, na wa Kinshasa walikuwa ZR hadi Zaire ilipokufa 1997. Ukikosea herufi moja umevuka mto.

Halafu kuna kisanduku kimeandikwa "msimbo wa nchi, tarakimu tatu". Wewe ungejaza nini? Mimi nikajaza 255. Fomu ikakataa, rangi nyekundu, eti nchi hiyo haipo. Nimejaribu mara nne. Walichotaka ni namba ya ISO, na yetu ni 834. Hivi kuna Mtanzania hata mmoja mtaani anayeijua 834? Ya simu ndiyo tunayoijua, na zote zina tarakimu tatu, kwa hiyo andikeni mnataka ipi!

Na sisi tuna nafuu, fomu inatukatalia tu. Mnyarwanda akiweka 250 ya simu anageuka Mfaransa, maana kwa ISO 250 ni Ufaransa. Mkenya akiweka 254 anahamia Guiana ya Ufaransa, kule Amerika Kusini, na mfumo unapokea bila kuuliza. (Namba halisi ya Kenya ni 404. Wale wa kompyuta mtacheka wenyewe, ndiyo ile ya "ukurasa haupatikani".)

Najua kuna mtu atakuja kuniambia herufi za nchi ziko nyingi, ndiyo maana watu wanachanganya. Ni kweli, kwenye Olimpiki sisi ni TAN, magari yetu yakivuka mpaka ni EAT, ya Zanzibar EAZ. Lakini kila moja ina mahali pake. Mwenye gari hajazi TAN kwenye kibandiko cha nyuma, sasa mwenye kampuni ya mizigo TN kaitoa wapi? Tena niliandika jina la nchi zima zima kwenye anwani! Hakuna aliyelisoma, toka stoo mpaka kwenye ndege.

Mpaka leo hela haijarudi. Wanasema watairudisha mzigo ukifika kwao, na mzigo wanasema unasubiri forodha ya Tunis, na forodha inataka karatasi za mpokeaji aliyeko Tunisia. Mimi ninazo za Temeke. Mafundi wangu wawili wamekaa tu, na sare za shule za watu hazijadariziwa nembo.

Aliyewahi kurudishiwa mzigo uliopotelea nchi nyingine anieleze alianzia wapi, posta au forodha. Wale wa "ungenunua Kariakoo" piteni kimya, nilishaizunguka yote.