Uigizaji: Bagamoyo, Mlimani, Dodoma au nje? Naomba ulinganisho

mzazi_kibaha
Habari za majukumu wakuu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, HKL. Kiswahili C, Historia D, English E. Baba yake anataka asome ualimu, yeye kang'ang'ania uigizaji. Mimi niko upande wake, ila sitaki tuchome hela. Kwenye karatasi tumeandika TaSUBa (chuo cha sanaa Bagamoyo), UDSM (Mlimani) na UDOM (Dodoma), na yeye kaongezea Marekani "kama Lupita", yule mwigizaji Lupita Nyong'o. Ada tuiache, hiyo nitaisoma kwenye fomu za kujiunga. Nauliza hivi: wapi mtu anatoka akiwa mwigizaji kweli?

Mtu wa Dunda
Dada, anza na hili: UDSM na UDOM ni digrii. Bagamoyo ni astashahada na stashahada, chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Usizipime kwa mizani moja.

Mimi nimepita Bagamoyo. Chuo kipo tangu 1981, kikageuzwa taasisi 2007, na mtaani bado wazee wanakiita Chuo cha Sanaa. Pale huigizi tu. Utacheza ngoma, utapiga, utaimba, na kuna wanaonuna kwamba "mimi nimekuja kuigiza". Wakifika jukwaani ndio wanaelewa. Kuna mwalimu alikuwa akituweka ufukweni, upepo wa bahari unavuma, yeye anaenda mbali mpaka uso wake hauonekani vizuri. Unatakiwa umwambie sentensi moja aisikie, na hutakiwi kupiga kelele. Ukipiga kelele unarudia. Tulirudia mpaka jua linazama, ila baada ya hapo sijawahi kukaukiwa sauti kwenye onyesho. Halafu kuna Tamasha la Bagamoyo kila mwaka, unaigiza mbele ya watu wasiokujua na wasiokuonea huruma.

mlimani_zamani
Naheshimu Bagamoyo, lakini mtoto ana ufaulu wa kuingia digrii, kwa nini ashushwe? TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka principal pass mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. C ni 3, D ni 2, tayari ana 5. Abaki kuangalia masharti ya kozi yenyewe kwenye mwongozo.

UDSM sanaa za maonyesho zinafundishwa tangu miaka ya 1960. Kozi ni miaka mitatu na nguvu yake ni kichwa: kuchambua tamthilia, kuandika, kuongoza, na kupeleka maigizo kwa jamii. Mradi wa Tuseme wa 1996, ule uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema yanayowakwamisha shuleni, ulitoka kwenye idara hiyohiyo, kwa akina Profesa Penina Mlama na Amandina Lihamba. Mhitimu anaweza kuigiza, ila pia anaajirika kwenye mashirika, redioni na vyuoni. Hoja hiyo mpe mzee wake, atalainika.

Mtu wa Dunda
Kichwa sawa mkuu. Lakini muulize mhitimu wa digrii alisimama jukwaani mara ngapi kwa miaka mitatu, na mara ngapi aliandika insha kuhusu waliosimama.

mlimani_zamani
Hapo umenishika kidogo. Inategemea mwanafunzi. Asiyejiunga na vikundi vya jioni atamaliza na vyeti tu.

boom_operator
Mimi niko kwenye seti za tamthilia za televisheni, nashika maiki. Niwaambie ukweli ambao hamtaupenda: siku ya usaili hakuna aliyewahi kuomba cheti mbele yangu. Wanaangalia uso, wanaangalia wafuasi wa Instagram (ndiyo, inaudhi), halafu wanakupa karatasi ya mazungumzo dakika chache kabla. Hapo ndipo waliosoma wanajitenga. Wanashika maneno haraka, wanajua kamera iko wapi, na wakiambiwa warudie wanarudia vilevile, mkono kwenye kikombe kilekile. Asiyesoma analia vizuri mara ya kwanza, mara ya tatu machozi hakuna.

Tatizo la waliotoka jukwaani ni kwamba wanakuja na sauti ya ukumbini. Kamera iko karibu na pua yako, baba, unamhubiria nani? Kwa hiyo mama, akitaka televisheni, iangalie UDOM kwa makini. Kozi yao imeunganisha maonyesho na filamu. Waulize wanafunzi wenyewe vifaa viko vingapi na wanavigusa mwaka gani.

Na msisahau mastaa wa filamu kina Kanumba na Ray walipikwa Kaole, kikundi tu, siyo chuo.

nairobi_jukwaani
Hamjambo kutoka Kenya. Huku Chuo Kikuu cha Kenyatta kina digrii ya sanaa za maonyesho na teknolojia ya filamu, miaka minne. Faida ya Nairobi si darasa peke yake, ni kazi zilizoko nje ya darasa. Kuna vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule vya fasihi, wanafunzi wanalipa kiingilio, mwigizaji mchanga anapata riziki na mazoezi kwa pamoja. Asubuhi Thika, alasiri Murang'a, nguo za uhusika ndani ya matatu. Ila kwa mtoto wa Kibaha, ongeza nauli, kodi ya nyumba na mwaka mmoja zaidi.

ughaibuni_kiasi
Kuhusu Lupita, mweleze binti mambo yalivyokwenda. Shahada ya kwanza alisoma Hampshire College, filamu na maonyesho. Yale alikwenda kwa shahada ya uzamili, akamaliza 2012, Oscar ikaja 2014. Shule hiyo ya Yale tangu 2021 haitozi ada, baada ya msaada wa dola milioni 150 wa David Geffen, kwa hiyo ndoto siyo ya matajiri tu. Lakini usaili wake ni mkali mno na wanamtaka mtu aliyeiva. Asome hapa kwanza, aigize, halafu aombe.

mzazi_kibaha
Nashukuruni sana. Je, akianzia Bagamoyo, mlango wa digrii unafungwa?

Mtu wa Dunda
Haufungwi. Stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenda juu inakubalika kuombea digrii, mradi awe na pasi nne za kidato cha nne. Ila nataka GPA hiyo aihangaikie tangu muhula wa kwanza, maana wasanii tuna tabia ya kudharau mitihani ya kuandika.

mlimani_zamani
Kabla ya kuomba popote, mpeleke akaone onyesho la wanafunzi. Bagamoyo ni mwendo wa daladala tu kutoka kwenu, na Mlimani ni palepale. Akae nyuma kabisa. Akiwasikia wote vizuri, na akatamani kupanda, basi walimu wa hapo wanafanya kazi.

mzazi_kibaha
Jumamosi tunaanza na Bagamoyo. Baba yake amesema naye anakuja, eti kuangalia usalama wa hosteli.

boom_operator
Mkalishe mstari wa mbele huyo.